Mkono wa Kumi na Tatu

Karakana nzima ilimwita Wifi, hata wanaume, hata wateja. Jina lilianza kwa mtu mmoja tu, Katibu, aliyekuwa ameolewa na mdogo wake Wifi, sasa marehemu. Likasambaa kutoka cherehani hadi cherehani, mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye daftari la wanachama peke yake. Mteja mgeni akiuliza nani anatoboa matundu ya vifungo, angeambiwa, "Muone Wifi, pale dirishani," naye angekwenda kusema, "Shikamoo, Wifi," bila kujua ameshajiingiza kwenye ukoo usio wake.

Katibu ndiye pekee aliyekuwa na haki halali ya kulitumia jina hilo, na ndiye aliyekuwa na deni kubwa nalo, deni la fadhila. Mumewe alipofariki alimwachia watoto watatu, wa mwisho akiwa na pumu, na yeye mwenyewe hajui kazi yoyote zaidi ya kusoma na kuandika vizuri. Wifi alimchukua siku ya arobaini na moja, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akasimama nyuma yake miezi minne akimwelekeza mguu na mkono. "Usiisukume nguo, mwanamke. Iongoze. Nguo ni kama mume, ukiisukuma inakunja uso." Baada ya miezi minne akamwombea uanachama, na mafundi walipogundua kwamba mwenzao mpya anaandika barua ambayo mkubwa yeyote hawezi kuirudisha, wakamfanya katibu. Tangu hapo hakuna aliyemwita jina jingine.

Ushirika wao ulikuwa na wanachama thelathini na mmoja, cherehani thelathini na moja, safu tatu ndani ya jengo refu lililowahi kuwa ghala. Madirisha yalikuwa juu, karibu na dari, isipokuwa mawili ya upande wa barabara. Mwisho wa chumba palikuwa na meza ya kukatia ya Bi Mkasi, na kando yake meza ya bwana mmoja mnyoofu aliyeitwa Pasi kwa sababu ya kazi yake. Pembe ya mbele alikaa Mwenyekiti, mtu mnene, mwepesi wa kucheka, asiyependa kikao kizidi nusu saa.

Walikuwa na katiba, kurasa nane zilizopigwa chapa na waanzilishi sita, ambao kati yao alikuwa amebaki Bi Mkasi tu. Vifungu vingi vilikuwa vya kawaida: saa ya kufungua, zamu ya kufagia, nani ashike funguo. Hivyo vilibadilishwa kwa wingi wa mikono ya waliohudhuria. Lakini kifungu cha ishirini na mbili kilitaja vifungu vinne ambavyo havikuguswa hivihivi. Kuvibadilisha kulihitaji robo tatu ya wanachama wote, yaani watu ishirini na wanne, tena katika vikao viwili vilivyoachana kwa siku thelathini. Cha kwanza kilisema jengo halitauzwa. Cha pili, kila mtu ana kura moja. Cha tatu kilisema mafundi watatumia cherehani za miguu. Waanzilishi walikuwa wamechoshwa na umeme wa kukatikakatika. Cha nne kilisema: "Fundi hataondolewa kwenye kiti chake kwa sababu ya ugonjwa, uzee, mimba wala msiba."

Mambo yaliharibikia kwenye kile cha tatu.

Ilitokea kazi ya sare za shule, kazi ya mwaka mzima, na mwenye kazi alitaka mashine za umeme. Kila mtu alizitaka. Kikao cha kwanza mikono ishirini na saba ilipanda, watu wakapiga makofi. Kikao cha pili, siku thelathini baadaye, mvua ikanyesha kama imetumwa, wakafika ishirini na wawili. Ikabidi waanze upya. Mara ya pili cha kwanza kikapita, na siku ya cha pili kukawa na msiba wa mama wa fundi mmoja, nusu ya karakana ikaenda kuzika. Mwenye sare akachoka kusubiri, akawapa watu wengine.

Katibu ndiye aliyepokea barua ya kukataliwa. Aliisoma akiwa amesimama, akahisi masikio yanawaka. Jioni ile alikaa na katiba mezani, akaipekua kama mtu anayetafuta chawa kwenye mshono, na akaona kitu ambacho hakuna aliyekiona kwa miaka yote ile. Kifungu cha ishirini na mbili kilivilinda vifungu vinne, lakini hakikujilinda chenyewe. Hakikuwemo kwenye orodha yake. Kingeweza kubadilishwa siku yoyote, kwa wingi wa mikono tu, kama zamu ya kufagia.

Alifurahi jinsi mtu anavyofurahi anapogundua kuwa ana akili. Akaandika sentensi moja: "Kifungu chochote cha katiba hii kitabadilishwa kwa kura za walio wengi katika kikao."

Siku ya kikao Bi Mkasi aliinua kichwa kwenye meza yake. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye vidole vilivyopinda kwa miaka ya mkasi, na masikio yaliyoanza kuchagua maneno ya kusikia.

"Mwanangu," alisema, "si uombe kufuta hicho cha cherehani peke yake?"

"Bi Mkasi, hicho peke yake kinataka watu ishirini na wanne, mara mbili. Tumeshajaribu mara mbili. Hiki kinataka walio wengi leo."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Basi tuelezeni. Kwa nini mliweka ugumu wote huu?"

Yule mama alilaza mkasi wake mezani. "Kwa sababu tulijuana," alisema.

Watu wakacheka, wakidhani hakusikia swali. Katibu naye akacheka, kwa adabu, akageukia kikao. "Walioandika karatasi hii walikuwa sita. Watano wamelala makaburini, Mungu awarehemu. Tunaoshona leo ni sisi. Mtu aliyekufa asitushikie futi kamba!"

Makofi yalipigwa mpaka mtu wa duka la jirani akachungulia. Wifi alikuwa miongoni mwa waliopiga kwa nguvu zaidi, akiwaonyesha majirani Katibu kwa kidevu: mnamwona wifi yangu? Mikono ikapanda. Wiki ile ile kifungu cha cherehani kikafutwa, na baada ya miezi miwili mashine za umeme ziliingia, zikalia kama nyuki. Kazi nyingine zikaja. Katibu alisifiwa mpaka akaanza kutembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Kikohozi cha Wifi kilianza mwezi wa nane baada ya hapo. Kilikuwa kikavu, cha asubuhi, akiingia tu karakanani. Alikunywa maji ya tangawizi, akatania kwamba marehemu mdogo wake anamwita huko aliko ila yeye hana nafasi, ana matundu mia mbili ya kutoboa. Kikohozi hakikusikia utani. Kikawa cha mchana, kikawa cha kuinama juu ya mashine akishika ubavu. Akakonda.

Pasi ndiye aliyesema neno. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lazima lisemwe. Alikuwa amemzika kaka yake wa tumbo moja kwa kifua kikuu, akamuuguza mwenyewe, na kikohozi kile kilipolia upande wa dirisha aliinua pasi kwenye nguo akasikiliza. "Mimi nakijua kile kikohozi," alimwambia jirani yake. Jirani akamwambia jirani. Kufika Alhamisi, mama mmoja aliyeleta kitambaa alisimama mlangoni, akakataa kuingia, akasema atapitia siku nyingine.

Mwenyekiti akaitisha kikao Ijumaa alasiri. Joto lilikuwa kali, madirisha yale mawili yamefungwa kwa sababu ya vumbi la barabarani. Walifika ishirini na wawili.

Wifi mwenyewe alisimama. "Nimesikia mnayoyasema, na sina kinyongo. Jumanne nimekwenda hospitali. Nimetoa makohozi, nimepigwa picha ya kifua. Majibu wameniambia wiki tatu. Nipeni wiki tatu. Nitakaa nyumbani, sitatia mguu hapa. Lakini kiti changu kisiguswe. Nikiwa nao huo ugonjwa, nitameza dawa nipone, nirudi. Ni hilo tu."

Lilikuwa ombi dogo. Katibu, baadaye, alilirudia moyoni mara nyingi sana, na kila mara lilizidi kuwa dogo. Lakini chumbani mle siku ile watu walikuwa wamekaa wakiziba pua kwa viganja, na mmoja alisema kazi ni nyingi, kiti hakiwezi kukaa wazi, mwingine akasema wateja wanakimbia, mwingine akauliza nani atawajibika mtoto wake akiambukizwa. Hofu ilipita kwenye safu zile tatu kama moto kwenye mabaki ya vitambaa.

"Katiba inasemaje?" aliuliza mtu.

Katibu akasoma. Fundi hataondolewa kwa sababu ya ugonjwa, uzee, mimba wala msiba.

"Basi tuondoe ugonjwa," alisema Mwenyekiti, akijipepea kwa daftari. "Si siku hizi tunabadilisha kwa mikono? Tupige kura mara moja, neno litoke, kiti tumpe mtu wa kwanza anayesubiri, tumalize. Wanaokubali?"

Mikono ikaanza kupanda. Katibu alikuwa akihesabu, maana ndiyo kazi yake. Mmoja, watatu, saba. Pasi aliinua wake akiangalia sakafu. Kumi. Kumi na mbili. Hapo Katibu alimwona mwanawe, kitinda mimba wake, amekaa kitandani usiku akivuta pumzi kwa shida, mabega yakipanda na kushuka, na alijiambia kwamba kifua kile hakiwezi kubeba jambo jingine. Mkono wake wa kushoto, usioshika kalamu, ukapanda polepole mpaka usawa wa sikio. Akauhesabu pamoja na mingine. Kumi na tatu.

Alipoinua macho, Wifi alikuwa anautazama mkono ule.

Tisa walikataa, Wifi akiwa mmoja wao, na Bi Mkasi, aliyeinua mikono yote miwili ikabidi aambiwe ni kura moja. Katibu akachukua rula, akapiga mstari juu ya neno moja, ugonjwa. Mstari ulinyooka. Kikao hakikumaliza dakika ishirini.

Wifi alikusanya vitu vyake: mkasi wake mdogo, mto wa kukalia, kopo la vifungo visivyo na wenzao. Hakumtukana mtu. Alipopita mezani kwa Katibu alisimama, akainama kidogo kuelekea mlangoni ili asimkoholee.

"Saa kumi inakaribia," alisema. "Usisahau kumpa mtoto dawa yake."

Kisha akatoka.

Siku ya kumi na tisa, binti yake Wifi aliingia karakanani asubuhi bila kubisha hodi. Hakumwendea Katibu wala Mwenyekiti. Alikwenda moja kwa moja kwa Pasi, akamwekea karatasi juu ya shati alilokuwa akilinyoosha. "Soma kwa sauti, mjomba," alisema. "Wewe ndiye daktari wa hapa."

Pasi alisoma. Makohozi hayana vijidudu. Picha haionyeshi kifua kikuu. Mgonjwa ana mkamba wa vumbi la pamba. Ashauriwe kufanya kazi penye hewa, afunike pua kwa kitambaa. Alisoma mpaka sahihi na mhuri, akabaki amesimama, na hakuna aliyekumbuka pasi mpaka harufu ya shati linaloungua ikajaa chumba kizima.

Katibu alifungua daftari la kumbukumbu. Alikuwa anahesabu tena. Siku kumi na tisa. Kwa sheria ile ya zamani, kikao kile cha Ijumaa kisingeweza kuamua lolote, kwa sababu walikuwa ishirini na wawili na walitakiwa ishirini na wanne wa kukubali. Na hata wangefika wote na kuinua mikono yote, wangesubiri siku thelathini. Siku ya kumi na tisa binti angeingia na karatasi, watu wangecheka kwa aibu, Wifi angewatania mwaka mzima. Hakuna aliyehitaji kuwa mwema zaidi ya alivyokuwa. Walihitaji kuchelewa tu.

Na yeye ndiye aliyewaondolea ucheleweshaji. Alijaribu kujifariji: bila mkono wake, bado wangekuwa kumi na mbili kwa tisa. Hesabu ilikuwa sahihi. Haikumsaidia kitu, kama vile kumwambia mtu aliyekula sumu kwamba sahani ilikuwa safi.

Kikao kikaitishwa upesi, na safari hii watu walifika ishirini na watatu, kila mmoja akijitahidi kuwa wa kwanza kuinua mkono. Neno ugonjwa likarudishwa. Wifi akarudishiwa kiti. Hakuna aliyepinga. Walipiga makofi, wakatazamana kwa furaha ya watu waliosamehewa na nafsi zao, wakamtuma Katibu apeleke habari.

Alimkuta barazani kwa binti yake, mtaa wa tatu kutoka karakanani, anafuma pindo la shuka kwa mkono. Kikohozi kilikuwa kimepungua. Alimkaribisha kiti, akamwagiza mjukuu alete maji. Katibu alisema yote kwa pumzi moja, wamekosea, wamejuta, kiti kiko tayari, mikono ishirini na mitatu.

Wifi aliendelea kupitisha sindano.

"Mlinitoa kwa mikono kumi na mitatu," alisema. "Mnanirudisha kwa ishirini na mitatu. Nashukuru. Mwezi ujao itakuwa mingapi?"

"Wifi, haiwezi kutokea tena."

"Nani kasema? Wewe? Mimi nilikaa pale miaka kumi na saba, wifi yangu. Nimefiwa pale, nimeumwa pale, na kazi yangu ilikuwa kutazama tundu la kifungo tu. Sasa nikirudi nitakuwa natazama nyuso. Huyu ananipenda leo? Yule kaamkaje? Nikipiga chafya nitauliza, jamani, bado ni wenu? Siwezi kushona huku nahesabu mikono. Kiti cha kukalia kwa hisani ya watu kinauma zaidi kuliko mkeka."

Katibu alitaka kupiga magoti, lakini mjukuu alikuwa amekuja na maji, akaona haya. Akanywa maji. Akaaga.

Siku iliyofuata, mchana, wengine walipotoka kula, alikwenda mezani kwa Bi Mkasi. Yule mama alikuwa anachora mgongo wa gauni kwa chaki, hakuinua macho.

"Bi Mkasi, siku ile ulisema mlijuana. Mlijuana vipi?"

Chaki ikasimama.

"Tulikuwa saba," alisema Bi Mkasi. "Watu wanasema sita, kwa sababu katiba ina sahihi sita. Wa saba alikuwa rafiki yangu. Akapata mimba isiyo na baba wa kuonyesha. Mteja mmoja mkubwa akasema hataki nguo zake zishonwe na mwanamke wa namna ile. Tukakutana asubuhi, mchana hakuwa mwenzetu tena. Mimi ndiye niliyemwambia aende. Niliona namwokolea kila mtu mkate wake." Alifuta mstari wa chaki kwa kidole, ingawa ulikuwa umenyooka. "Jioni ile ile tulishajuta. Tukamtafuta. Alikuwa ameshapanda gari, na sijui mpaka leo mtoto alizaliwa wa kike au wa kiume. Ndipo tukaandika. Hatukufunga ule mlango kwa ajili ya watu wabaya watakaokuja, mwanangu. Watu wabaya wana mbinu zao. Tuliufunga kwa ajili yetu sisi, wazuri, siku tukiwa na hofu. Tulijuana."

"Mbona hukusema hivyo kikaoni?"

Bi Mkasi alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ungekuwa wewe, ungesema? Mbele ya watu thelathini? Nilinyamaza kwa aibu yangu mwenyewe. Hata mimi nina mkono wangu kwenye jambo hili."

Basi wakawa wawili wenye mzigo, na mzigo haukupungua kwa kubebwa na wawili.

Katibu aliandika upya kifungu cha ishirini na mbili. Kile cha cherehani za miguu hakukirudisha. Hakikustahili kuwepo tangu mwanzo, mashine si haki ya mtu. Vikabaki vitatu: jengo, kura moja kwa kila mtu, na kiti cha fundi. Na mwishoni akaongeza cha nne ambacho waanzilishi walikisahau: kifungu hiki chenyewe.

Alipokisoma kikaoni, Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa furaha. "Vizuri sana. Leo tuko ishirini na sita, tunaokubali ni wengi. Tuinue mikono, tumalize."

"Hapana," alisema Katibu. "Tukikipitisha kwa mikono ya leo tu, kitakuwa kimezaliwa kwa njia ile ile niliyokiulia cha zamani. Naomba tukipime kwa kipimo chake. Watu ishirini na wanne, vikao viwili, siku thelathini katikati. Tukishindwa, tumeshindwa."

Manung'uniko yakaanza. Pasi akasimama. Tangu siku ya shati alikuwa hazungumzi kikaoni, na watu wakanyamaza kumsikiliza.

"Mimi nauliza kwa nia njema. Tukikosea je? Ulisema mwenyewe kwamba mfu asitushikie futi kamba. Kesho sisi ndio wafu. Watoto wetu wakitaka kubadilisha kitu na sisi tumewafungia?"

"Nilisema hivyo," alijibu Katibu, "na sikuwa mjinga kabisa. Lakini sikuwaambia tofauti ya mlango na ukuta. Huu ni mlango mzito. Wanaotaka kuufungua watausukuma watu ishirini na wanne, na baada ya mwezi watausukuma tena, wakiwa wameshalala, wameshapoa, wameshapata majibu ya hospitali. Jambo la haki litafunguka hata mara ya pili. Sisi kwenye mashine tulikosa bahati na subira, nami kwa hasira nikang'oa mlango mzima na fremu yake. Halafu tazameni nani alitoka."

Macho yaligeukia kiti cha dirishani.

Kikao cha kwanza kilipata ishirini na watano. Cha pili kilipata ishirini na watatu, mmoja pungufu. Fundi mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa na wengine walisahau tu. Mwenyekiti alimnong'oneza Katibu aandike ishirini na wanne, nani atajua. Katibu aliandika ishirini na watatu. Wakaanza tena. Ilichukua miezi mitano, na katika miezi ile alichukiwa kidogo, akaitwa Bi Siku Thelathini nyuma ya mgongo wake, na kuna asubuhi alizotamani kuacha. Lakini kila alipopita kile kiti cha dirishani, ambacho mwanachama mpya, aliyekipata baada ya Wifi kukataa kurudi, alikuwa akikikalia ukingoni kama mgeni, aliendelea. Mwishowe mikono ishirini na sita ilipanda mara ya kwanza, na ishirini na sita mara ya pili. Hapakuwa na makofi. Watu walikwenda kwenye mashine zao. Madirisha yale mawili yalikuwa yanafunguliwa sasa, na nusu ya mafundi walifunga vitambaa puani.

Kabla kikao hakijafungwa, mmoja alipendekeza ukurasa wa Ijumaa ile uchanwe kwenye daftari la kumbukumbu, kwa heshima ya Wifi. Katibu alikataa. Ukurasa ulikuwa na majina ya waliokubali, kwa mwandiko wake, na jina lake likiwa la mwisho kwa sababu alijihesabu mwisho.

Jioni alikwenda barazani. Wifi alikuwa na mashine yake sasa, ya mtumba, na mtaa ulishaanza kumletea matundu ya vifungo. Alisikiliza habari yote bila kukatiza.

"Vizuri," alisema. "Vitawafaa watakaokuja."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshakaa hapa." Akakata uzi kwa meno. "Nikuulize kitu. Siku ile mkono wako uliupandisha upesi au polepole? Mimi niliona. Nataka nisikie kwako."

Katibu alikuwa ameandaa maneno mengi kwa miezi mitano: mtoto, pumu, joto, hofu, kumi na mbili kwa tisa. Yote yalikuwa kweli. Alikuta hayatoki.

"Polepole," alisema. "Lakini niliupandisha."

Wifi aliitikia kwa kichwa, kama fundi anayekubali kipimo. "Ya wale wengine ilipanda kama mikono ya watu wanaokimbia moto, sikuitia moyoni. Wa polepole ndio ulioniuma. Wa polepole ulikuwa na nafasi ya kunikumbuka."

Mjukuu akaleta maji, Katibu hakuyanywa. Wala hakuomba msamaha kwa mdomo, maana aliona kwamba angekuwa anaomba kupunguziwa, na yule mwanamke alikuwa ameshampunguzia mengi maishani.

"Mtoto hajambo?" Wifi aliuliza.

"Hajambo. Anakuulizia."

"Mlete Jumamosi. Mwambie shangazi yake ana vifungo vingi hapa, aje avipange rangi."

Jumamosi alimpeleka, na Jumamosi zilizofuata. Mazungumzo yao yalirudi, ingawa si utani wote. Kuna mizaha ambayo Wifi hakuifanya tena, na Katibu aliijua kila mmoja kwa nafasi uliyoiacha. Karakanani aliendelea kuwa katibu. Mwanachama mpya akijiunga, Katibu humsomea katiba mwenyewe, na akifika kifungu cha ishirini na mbili, yule mgeni akiuliza kwa nini kimefungwa hivyo, hamjibu kwamba walijuana. Humfungulia daftari la kumbukumbu kwenye ukurasa wa Ijumaa ile, humwekea kidole kwenye jina la mwisho, na humweleza kwa utaratibu, bila kuruka kitu.